Haraka ya Nani? Mjadala wa Mfupa Maabarani

Maabara ya patholojia huishi kwa kukata. Kinyama cha ini au cha titi kikishagandishwa ndani ya nta, maikrotomu hukichanja utando wa mikroni 3 au 4, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ukatiwa rangi na kusomwa chini ya hadubini. Mfupa hautaki mchezo huo. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini, hasa haidroksiapatiti, fosfati ya kalsiamu iliyojipanga kwenye nyuzi za kolajeni. Wembe ukiyagusa hayo madini hulia kama umepita kwenye mchanga, makali hung'oka, na kinachotoka ni utando uliochanika vipande. Kwa hiyo kalsiamu lazima itolewe kwanza na nyama ibaki. Itolewe kwa njia gani? Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Hoja iliyo mezani ni hii: maabara ya hospitali bingwa ya mifupa iachane na asidi ya naitriki, ihamie kemikali iitwayo EDTA. Wanaojadili ni wahusika wa kubuni na hospitali yao haina jina. Hoja zao, hata hivyo, zinasikika popote penye msumeno wa mfupa na foleni ya wagonjwa wanaosubiri majibu, iwe Moshi, Mombasa au London.

Mpasuaji wa mifupa aliomba kusema kwanza, maana saa tano anatakiwa chumba cha upasuaji.

"Mimi ndiye ninayetazamana na mzazi," alianza. "Kijana wa miaka 14, paja limevimba juu kidogo ya goti, eksirei inaonyesha mfupa umeliwa. Nimechukua kinyama kwa sindano. Mzazi ananiuliza, 'Dokta, majibu lini?' Nimjibu kwamba mfupa wa mwanawe umelowekwa? Asidi ya naitriki ya asilimia 5 inalainisha kinyama kama hicho kwa saa chache. Hiyo EDTA yenu inataka siku nzima, pengine mbili tatu. Na tafadhali, asitokee mtu wa kunitolea ile methali ya haraka na baraka."

Hakutia chumvi. Osteosakoma, saratani ya mfupa inayowaandama zaidi vijana walio kwenye umri wa kurefuka, hupenda hasa sehemu zinazozunguka goti, na dawa haianzi mpaka mpatholojia aweke saini.

Aliyemjibu ni mteknolojia kijana, mwenye hoja yake mezani. "Dokta, hizo saa chache ni za kweli. Ila asidi haichagui. Inayeyusha kalsiamu, na papo hapo inakwangua DNA ndani ya viini vya seli. Rangi ya hematoksilini inashika kiini kwa sababu ya DNA hiyo. Ikishakwanguliwa, viini vinatoka vimepauka, na mpatholojia anabaki kusoma vivuli."

Jambo hilo halikugunduliwa jana. Mwaka 1924 mkemia Mjerumani Robert Feulgen alitumia asidi ya hidrokloriki kuuma DNA kidogo tu, kwa makusudi na kwa muda mfupi, ili iweze kupokea rangi yake maalumu. Maabara inayoacha mfupa ndani ya asidi kali kwa siku mbili inaifanya kazi ileile bila kipimo wala makusudi, na DNA inayobaki imekatikakatika kiasi kwamba vipimo vya vinasaba havisomeki.

Hapo mteknolojia mkongwe alikohoa. Wengi katika chumba hicho humwita Mama, hata mpasuaji.

"Mwanangu, mimi nimekata mifupa kwa naitriki kabla wewe hujaanza shule, na majibu yalitoka. Viini havikupauka. Unajua kwa nini? Kwa sababu tulikuwa tunaipima. Adui yenu si asidi. Adui yenu ni Ijumaa jioni. Mtu anaweka kinyama kwenye asidi, anafunga mlango, anarudi Jumatatu. Hapo hata mkipewa maji ya zamzam mtaharibu."

Akaeleza jinsi ya kupima, kwa mikono, kama anayemwona mwanafunzi mbele yake. Unachota mililita 5 za asidi iliyotumika, kutoka chini ya chombo ambako kalsiamu imetua. Unadondoshea amonia mpaka karatasi ya litmasi ionyeshe kwamba ukali umekwisha. Likitokea wingu jeupe hapohapo, kalsiamu bado ni tele, badilisha asidi. Lisipotokea, unaongeza mililita 5 za amonia oksaleti na kuuacha mchanganyiko nusu saa. Maji yakibaki maangavu, mfupa uko tayari, utoe na uusuuze. "Wengine wanachoma pini kuona kama umelainika," aliongeza. "Pini inaacha tundu, na tundu hilo kesho mpatholojia ataliona na kuanza kujiuliza ni ugonjwa gani."

Mama ana haki kuliko wanamageuzi wanavyopenda kukiri. Sampuli nyingi za mfupa huharibika kwa uzembe wa mwisho wa kazi, na nyingine mwanzoni kabisa: kinyama kinatiwa kwenye asidi kabla formalini haijapenya na kuimarisha nyama. Formalini hutambaa polepole, na mfupa mzima uliotumbukizwa asubuhi, jioni ndani yake bado ni mbichi. Asidi ikiukuta katika hali hiyo huutafuna. Na ole wake anayetaka kufupisha safari kwa kuchanganya formalini na asidi ya hidrokloriki katika chombo kimoja, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoa bis-klorometili etha, mvuke unaosababisha saratani kwa anayeuvuta.

Mama hakuishia hapo. "Tena asidi si moja. Mnazungumza kama vile naitriki na fomiki ni pacha." Akataja Hospitali ya Hammersmith ya London, ambako wanapatholojia walichapisha mwaka 2006 utaratibu wao wa kushughulikia vinyama vya uboho: kuvihifadhi kwa mchanganyiko wa asidi ya asetiki, zinki na formalini, kisha kuvilainisha kwa asidi ya fomiki iliyochanganywa na formalini. Kutoka kipande kimoja cha nta walipata umbo zuri la seli, vipimo vya kingamwili, na hata vya vinasaba. "Asidi hiyo," alisema Mama, akimtazama kijana, "wala si EDTA."

Kijana hakuwa na jibu la haraka. Daktari wa saratani ndiye aliyelileta.

"Mimi nitazungumzia mwanamke wa miaka 50 aliyekuwa anatembea jikoni, paja likavunjika," alisema. "Alitibiwa saratani ya titi miaka sita iliyopita. Mifupa ndiyo mahali saratani ya titi inapopenda kuhamia kuliko pengine popote. Mpasuaji anamtia chuma, anatuletea unga wa mfupa uliochimbwa. Swali langu si kama ni saratani, maana hilo karibu nalijua. Nataka kujua kama seli hizo bado zina vipokezi vya homoni. Zikiwa navyo, vidonge vya bei nafuu vinaweza kumpa miaka. Sasa nyama imepita kwenye naitriki, kipimo cha kingamwili kinasema hakuna vipokezi. Je, havipo kweli, au asidi imevifuta? Majibu yamefika mapema, Dokta, na hayanisaidii kitu."

Mpasuaji alinyamaza kidogo. Hoja hii ndiyo inayoupindua mjadala wote, kwa sababu majibu ya patholojia ya mwaka 1985 na ya leo si kitu kimoja. Zamani swali lilikuwa ni uvimbe gani, na jicho lenye uzoefu lilitosha hata kwa viini vilivyofifia. Sasa uvimbe una sahihi zake za kinasaba. Mwaka 2013 watafiti, wakiwamo wa Hospitali ya Taifa ya Mifupa ya Stanmore kaskazini mwa London, walionyesha kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 ya vivimbe vya seli kubwa vya mfupa vina mabadiliko katika jeni iitwayo H3F3A, na baadaye ikapatikana kingamwili ya kuyatambua kwenye slaidi. Sakoma ya Ewing nayo kwa kawaida huthibitishwa kwa jeni ya EWSR1 iliyovunjika na kuunganishwa na nyingine. Asidi kali ikishapita, sahihi hizo mara nyingi hazisomeki.

"Sawa," alidakia mhasibu, ambaye alikuwa akiandika tangu mwanzo. "Lakini hiyo EDTA ni dawa gani hiyo, na inagharimu nini? Naitriki chupa moja inatuchukua miezi."

"Iko hospitali nzima, kaka," kijana alicheka. "Zile chupa ndogo za damu zenye kifuniko cha zambarau, ndani yake ni EDTA. Inaikamata kalsiamu ya damu ili damu isigande. Kwenye mfupa inafanya hivyohivyo, inaikamata kalsiamu bila ukali. Tunaitengeneza katika hali isiyo asidi wala alkali, karibu na ile ya mwili."

Usumbufu wake wa kwanza ni katika kuitengeneza. Unga mweupe wa EDTA huzunguka kwenye maji ukagoma kuyeyuka, na anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ameuziwa chokaa. Hukubali pale tu sodiamu hidroksaidi inapotiwa kidogokidogo na pH kukaribia 8. Baada ya hapo hurudishwa hadi 7 na kidogo.

Mhasibu aliomba hesabu, akapewa. Mchanganyiko wa asilimia 14 unachukua gramu 140 kwa lita. Kinyama cha sindano kinahitaji mililita 50, yaani gramu 7. Ukibadilisha maji mara mbili, jumla ni gramu 21. Kilo moja ya unga, basi, inatosha vinyama 47. Mhasibu alipiga kikokotoo mara mbili, akasema gharama hiyo haimtishi. "Kinachonitisha ni kile kichwa cha paja," alisema, na hakukosea: kipande kikubwa kinameza lita nzima kila maji yanapobadilishwa, tena kwa wiki kadhaa.

Mpasuaji alikuwa amehifadhi karata yake nzuri kwa mwisho. "Mnasahau kwamba hapa ni Afrika Mashariki. Denis Burkitt aliandika mwaka 1958, kutoka Mulago, Kampala, juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto analetwa leo, wiki ijayo hawezi kumeza. Mtamloweka huyo kwenye EDTA?"

Mpatholojia, ambaye alikuwa msimamizi na hakutakiwa kuchukua upande, alishindwa kujizuia.

"Huyo hatumloweki kabisa," alisema. "Uvimbe wa Burkitt ni nyama laini iliyojaza taya. Ukiniletea kijiko cha nyama hiyo bila kipande cha jino na mfupa, inapita njia ya nyama nyingine zote, na majibu yanatoka kwa muda wa nyama nyingine zote. Hata yule kijana wako wa goti. Osteosakoma mara nyingi hutoka nje ya mfupa na kuvamia misuli. Fungua kile kichupa mbele ya taa, tenganisha kwa koleo: kinachoinama huku, kinachogonga kule. Kinachoinama kinaingia kwenye kaseti yake bila kuona asidi wala EDTA. Kinachogonga kinalowekwa. Mara nyingi kile laini kimeshatoa jibu kabla kigumu hakijatoka kwenye chombo."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu waliogundua kwamba wamegombana nusu saa juu ya swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza. Maoni ya mwandishi ni kwamba hapa ndipo hoja ya haraka inapokufa, na inakufa kwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote maabarani, yaani koleo. Kutenganisha kunachukua dakika tano. Hakuhitaji kibali cha ununuzi. Lakini kunahitaji mtu anayejua anachokitazama, na fomu iliyojazwa. Fomu nyingi zinazofika na mfupa zimeandikwa neno moja tu, "uvimbe", bila umri wa mgonjwa, bila picha ya eksirei, bila kutaja ni upande gani wa mwili.

Daktari wa saratani alitaka kifua kikuu kisisahaulike. Uti wa mgongo uliopinda kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao Percivall Pott aliueleza mwaka 1779, bado unaingia katika wodi za mifupa za ukanda huu, na kwenye eksirei unaweza kufanana na saratani iliyohamia. Formalini inaua bakteria, kwa hiyo hawezi kuoteshwa tena, na asidi kali inaweza kudhoofisha ile rangi nyekundu inayomtambulisha. "Kwa hiyo vichupa viwili," alimwambia mpasuaji. "Kimoja cha formalini kiende patholojia, kingine cha maji ya chumvi bila formalini kiende maabara ya vimelea, siku hiyohiyo."

"Viwili," mpasuaji alirudia, kwa sauti ya mtu anayehesabu kazi aliyoongezewa.

Kikabaki kile kichwa cha paja, pamoja na ndugu zake: goti zima lililotolewa baada ya dawa za osteosakoma, na mguu uliokatwa kwa kisukari. Kijana alitaka yote yaende EDTA. Mama alisema huo ni wendawazimu, na safari hii mpatholojia alisimama upande wa Mama, ingawa kwa masharti.

Sharti la kwanza ni msumeno. Kipande chenye unene wa milimita 3 hadi 5, kilichokatwa sawasawa na kusafishwa unga wake, kinalainika kwa muda unaovumilika kwa dawa yoyote. Cha milimita 15 hakitalainika vizuri kwa dawa yoyote: nje kimekuwa uji, katikati bado ni jiwe, na Mama asubuhi anavunja wembe. Maabara nyingi zinazolalamikia EDTA kwa uvivu zinapaswa kulalamikia msumeno wao butu.

Pili ni kujiuliza nani anasubiri. Katika goti lililotolewa baada ya dawa, mpatholojia hupima ni sehemu gani ya uvimbe imekufa. Ikizidi asilimia 90, dawa zimefanya kazi. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilionekana ya dharura, kwa matumaini kwamba waliojibu vibaya wangebadilishiwa dawa. Utafiti wa EURAMOS-1, ulioandikisha wagonjwa zaidi ya 2,000, ulitoa majibu yake mwaka 2016: kuwaongezea wagonjwa hao ifosfamidi na etoposidi hakukuwasaidia kuishi zaidi, na kuliwaongezea madhara. Hesabu hiyo bado ina thamani kubwa kwa kujua mwelekeo wa ugonjwa, ila hakuna dawa inayogeuzwa kwa sababu imetoka Jumatatu badala ya Alhamisi. Kinachotakiwa upesi ni kujua kama kingo zilikuwa salama, na uboho wa kwenye kingo unaweza kukwanguliwa na kusomwa bila kulowekwa.

"Basi vikubwa viende fomiki," Mama alisema, "na kipande kimoja cha uvimbe kiwekwe EDTA kwa ajili ya vinasaba. Naitriki iwe ya mguu wa kisukari tu, na tuipime."

Kijana alikubali, shingo upande.

Sauti moja ilitoka nyuma, ya daktari wa figo aliyeingia akidhani ni kikao kingine. Yeye mifupa yake haitaki kulainishwa kabisa. Mgonjwa wa figo hunywa tetrasaikilini kwa vipindi viwili kabla ya kuchukuliwa kinyama, dawa hiyo hujishika pale mfupa mpya unapoweka madini, na chini ya mwanga wa urujuani hung'aa mistari miwili ya manjano. Umbali kati yake unaonyesha kasi ya mfupa kujijenga. Ukitoa kalsiamu, mistari imeondoka nayo. Kinyama cha namna hiyo hugandishwa ndani ya plastiki ngumu na kukatwa kwa kisu cha tangsteni. Maabara haina kisu hicho. Aliambiwa vinyama vyake vitasafirishwa kwenda kwenye maabara yenye kisu, akakaa.

Suala gumu la mwisho lilikuwa la kujua EDTA imemaliza kazi lini. Kipimo cha oksaleti cha Mama hakifai hapo bila kurekebishwa, kwa sababu EDTA imeishika kalsiamu na haiiachii ijionyeshe. Njia ya uhakika ni kukipiga kinyama chenyewe picha ya eksirei: penye madini huonekana peupe, pasipo nayo huwa kivuli kitupu. Katika hospitali ya mifupa mashine ya eksirei haiko mbali, na mpatholojia alipendekeza vinyama vipigwe picha kila siku saa saba mchana, wagonjwa wanapopungua. Kwa wikendi, EDTA ina uungwana ambao asidi haina: kinyama kilichozidishiwa siku mbili ndani yake hakiharibiki. Asidi ikakatazwa kuanzia Alhamisi mchana, agizo ambalo Mama aliliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kulibandika kwenye kabati la kemikali.

Mkuu wa eksirei alipopigiwa simu alikubali, ila kwa masharti matatu: vinyama viletwe kwenye mifuko miwili iliyofungwa, visiwe vinadondosha formalini, na ajulikane mapema nani atafuta meza kimoja kikivuja. Mpasuaji alikuwa ameshaondoka kwenda chumba cha upasuaji, kwa hiyo wote waliobaki walikubaliana kwamba ni yeye.